Ski ya slalomu: chagua ubao wa kasi yako, viatu vya mguu wako (uzi)

#1 KambaFupi

Habari zenu wakuu. Maswali ya ski za slalomu nimekuwa nikiyajibu mojamoja kwenye ujumbe binafsi, na karibu yote yanafanana, kwa hiyo nimeona niyakusanye hapa ili na wengine wachangie. Nazungumzia ski moja ya kuvutwa na boti: miguu yote miwili juu ya ubao mmoja, mmoja mbele, mwingine nyuma yake. Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu naona watu wanalirudia kila msimu.

Nilipotoka kwenye ski mbili kuja kwenye moja, nilipewa ubao wa mtu anayeshindana. Mwembamba, mwepesi, kaboni tupu. Yeye alikuwa akivutwa kwa kilomita 58 kwa saa. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye 46. Msimu mzima niliumaliza maji yakiwa kifuani: boti inavuta, ubao unazama, mikono inakufa ganzi, mpini unaniponyoka. Nikibahatika kusimama, ncha inabaki juu kama mtumbwi uliopakiwa mizigo yote nyuma, na kila kona naimalizia majini. Nikaamini mwili wangu ndio dhaifu. Nikafanya mazoezi ya mapaja, ya mgongo, ya vidole. Kisha siku moja mtu akaniazima ubao wake mpana, saizi moja juu ya ule wangu. Nilisimama kwenye mvuto wa kwanza.

Sababu yake ni hii. Kinachokubeba ni msukumo wa maji chini ya ubao, na msukumo huo unakua kwa mraba wa kasi. Chukua 46 mara 46, gawa kwa 58 mara 58, unapata kama 0.63. Yaani ubao uleule, ukiwa umelala kwa pembe ileile, ulikuwa unanipa asilimia 63 tu ya kile ulichompa mwenyewe. Pengo hilo lazima lizibwe na kitu. Ama uongeze eneo la ubao, ama uinue ncha, na ncha ikiinuka ubao unageuka breki, mzigo wote unahamia mikononi mwako.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ski gani ni nzuri, jiulize: navutwa kwa kasi gani, leo, mara nyingi? Ukishajua kasi, ongeza uzito wako. Urefu wa kimo chako hauna kazi hapa. Mtu wa kilo 75 anayevutwa kwa 55, majedwali ya watengenezaji wengi yatamweka kwenye ubao wa urefu wa inchi 66 au 67. Mtu huyohuyo akiwa anavutwa kwa 46 au 48 inabidi apande saizi au ahamie kwenye ubao mpana zaidi, na mimi namshauri upana kuliko urefu. Ubao mrefu mwembamba unakuwa mzito kugeuza. Ubao mpana unakuinua mapema na bado unakata kona.

Ukiwa katikati ya saizi mbili, chukua kubwa. Bado sijakutana na mtu wa kasi ya chini aliyejutia hilo.

#2 Mama_Mawimbi

Asante sana kaka, umenifungua macho. Mimi nina kilo 58, navutwa kwa 45 hivi, na bado sijui mguu gani uwe mbele. Nimeambiwa nisimame, mtu anisukume kwa nyuma, mguu utakaotangulia ndio wa mbele. Nimesukumwa mara tatu: mara mbili ukatangulia wa kulia, mara moja wa kushoto. Nifanyeje?

#3 KambaFupi

Dada, jaribio la kusukumwa linatoa fununu tu. Simama kwenye ski zako mbili, uvutwe kwa mwendo wa wastani nyuma ya boti bila kutoka kwenye mkondo wake (njia ya mawimbi inayoacha nyuma yake), halafu inua ski moja sentimita chache, hesabu hadi tano, irudishe. Kisha inua ya pili. Mguu unaobaki majini bila kutikisika ndio wa mbele, kwa sababu huo ndio unaoweza kukubeba peke yake. Rudia siku nyingine ukiwa hujachoka. Majibu yakifanana siku mbili, basi.

Kwa kilo 58 na kasi ya 45, ubao mpana wa inchi 65 utakutosha vizuri. Usikubali mtu akuambie kwamba ubao mpana ni wa wanaojifunza tu.

#4 Mpini_Mkononi

Hapo kwenye upana naongezea historia kidogo. Ralph Samuelson, kijana wa Minnesota aliyesimama kwenye ski za maji mwaka 1922 pale Ziwa Pepin, alitumia mbao mbili za msonobari zenye urefu wa futi 8, yaani kama mita 2.4, na upana wa inchi 9. Ncha alizichemsha ili azipinde juu, na vya kushikia miguu vilikuwa vipande vya ngozi. Boti za wakati ule hazikuwa na mbio, na mbao pana kiasi hicho ndizo zilizoweza kumbeba.

Swali langu: kama upana unasaidia hivyo, kwa nini mabingwa wanakimbilia ubao mwembamba?

#5 KambaFupi

Swali zuri mkuu, na jibu lake liko kwenye njia yenyewe wanayopita. Njia ya slalomu ya mashindano ina urefu wa mita 259 kutoka lango la kuingilia hadi la kutokea. Maboya ni sita, kila moja liko mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, matatu kila upande. Boti inapita katikati moja kwa moja. Kasi ya juu kwa wanaume ni 58, kwa wanawake 55. Kwa 58, mita zote 259 zinaisha kwa sekunde 16 na ushee. Katika muda huo uvuke mkondo wa boti kwenda na kurudi, uzunguke maboya sita, kisha utoke langoni.

Ukifika kasi yako ya juu na ukamaliza maboya yote, kasi haiongezwi tena. Kinachofuata ni kufupisha kamba: mita 18.25, 16, 14.25, 13, 12, 11.25, na kuendelea. Angalia hiyo 11.25. Boya liko mita 11.5 kutoka katikati, kamba ni fupi kuliko umbali huo. Mwenye ski lazima ajinyooshe, mkono na kiwiliwili viinamie upande wa boti, ili ski ipite nje ya boya. Nikimwona mtu anafanya hivyo, mpaka leo nasimama na kuangalia.

Sasa kwa kasi hiyo maji yanasukuma kwa nguvu mno. Ubao mpana utaelea juu juu na kukataa kulala kwa ukingo. Anataka ubao unaozama kidogo, ulale upande haraka, ushike, kisha uachie. Ukiwa kwenye 46 kwenye ziwa tulivu, mahitaji yako ni mengine kabisa.

Kwa kuwa tumefika kwenye umbo, niseme na mengine matatu haraka. Ukiulaza ubao ukautazama kwa pembeni utaona umejipinda kama ganda la embe. Mpindo mkubwa unageuza kwa urahisi lakini unapunguza mbio, mpindo mdogo una mbio lakini kona inahitaji ujuzi. Tumbo lake lina bonde: bonde lenye kina linashika maji ukiwa umelalia ukingo, lisilo na kina linateleza. Na kingo: zikiwa za mviringo ubao unaingia kwenye kona wenyewe, zikiwa kali ubao unakaa juu zaidi na unaachia upesi. Ukitaka kuanza, tafuta mpindo wa wastani, bonde linaloonekana kwa macho, na kingo zisizo kali sana.

#6 Nahodha_Pole

Mimi ndiye ninayeshika usukani, ski napanda mara chache, kwa hiyo naomba niseme upande wetu. Watu wengi wanaoshindwa kuinuka wanaangushwa na dereva. Dereva anakanyaga moto mara moja, mtu anang'olewa mpini, halafu anaambiwa hana nguvu.

Kamba ikazwe kwanza, taratibu, mpaka isiwe imelegea hata kidogo. Subiri aliye majini aseme. Kisha ongeza mafuta kwa mfululizo mmoja laini, usiguse na kuachia. Kwa ubao mpana huhitaji hata nusu ya ile nguvu mnayoizoea. Na awepo mtu wa pili botini anayemtazama mwenye ski muda wote. Dereva anatazama mbele.

Aliye majini naye: magoti yakaribie kifua, mikono iwe imenyooka, ncha ya ski iwe nje ya maji, kamba upande mmoja wa ncha. Ukae hivyohivyo, umejikunja kama mtoto, mpaka usikie maji yanapungua chini ya ubao. Anayeharakisha kusimama anausukuma ubao chini, na anayevuta mpini kifuani anaupoteza.

#7 Kisigino

Wakuu mmezungumza ubao tu. Viatu je? Nimeona wengine wana kiatu mbele na mkanda tu nyuma, wengine viatu viwili, wengine vigumu kama vya ski za theluji. Nachanganyikiwa.

#8 KambaFupi

Kisigino, hapa nitakaa kidogo, maana mimi nililipia kwa kifundo cha mguu.

Nilikuwa na viatu viwili vya kamba. Cha mbele nilikikaza mpaka damu ilikuwa haipiti vizuri, nikidhani kukaza ndiko kutawala ubao. Cha nyuma kilikuwa kimelegea, kamba zake zimechoka, sikujali. Nikaanguka mbele kwenye kona, anguko la kawaida kabisa. Mguu wa nyuma ukatoka. Wa mbele ukabaki. Ubao ukazunguka na maji, ukauzungusha na mguu. Nilisikia mlio kabla ya maumivu. Wiki tisa bila ski, na asubuhi za baridi bado kinaniambia.

Tangu hapo kanuni yangu kwa viatu viwili ni moja: vitoke pamoja au vibaki pamoja. Hatari iko kwenye mguu mmoja uliobaki wakati mwingine umeshatoka. Kwa hiyo viatu vyote viwili vikazwe sawa, na kamba za vyote viwili zibadilishwe siku moja.

Kwa anayeanza ninapendekeza kiatu kimoja cha mbele kinachorekebishika, na nyuma mkanda wa vidole. Mkanda ni ule unaopita juu ya mguu, kisigino kikiwa huru. Faida yake kubwa iko kwenye kuinuka: unaweza kuuacha mguu wa nyuma nje ukining'inia majini kama usukani, kisha ukauingiza ukishasimama. Na ukianguka, mguu huo unatoka bila kung'ang'ania. Ndiyo maana kiatu cha mbele kisikazwe kupita kiasi pale nyuma panapokuwa na mkanda, kwa sababu huyo wa nyuma ataondoka kwanza, lazima wa mbele naye aweze kumfuata.

Viatu viwili vinakupa uimara zaidi, ubao na mwili vinakuwa kitu kimoja. Ila kuinuka kunataka mbinu, na kila kiatu kitakaa mahali pamoja kila siku, uwe umechoka au hujachoka.

Vile vigumu vya ganda ni habari nyingine. Mguu umefungwa kabisa ndani, kinachoachia ni kiatu chenyewe au sahani (bamba linaloshikilia kiatu) kutoka kwenye ubao. Nguvu ya kuachia unaipanga wewe. Ukiipanga vibaya, hakuna raba ya kunyumbuka ikusamehe. Sishauri mtu aanze navyo.

#9 Mpini_Mkononi

Mkuu hapo kwenye mkanda naomba nitofautiane na wewe kidogo. Mimi nilianza na viatu viwili, sijawahi kuumia, na sikuhangaika kubadili mtindo baadaye. Mkanda unamfundisha mtu kuegemea mguu wa nyuma.

#10 KambaFupi

Nakubali kwamba kuna waliofika mbali kwa njia yako, mkuu. Lakini kuegemea nyuma kunatokana zaidi na ubao mdogo kuliko kasi. Mtu anaegemea nyuma kwa sababu mbele kunazama. Mpe ubao unaombeba, utaona anasimama katikati akiwa na mkanda uleule. Na wapo wanaoshindana kwa kiwango cha juu kabisa wakiwa na mkanda nyuma.

Kwa anayeenda kujaribu viatu, sikilizeni kisigino. Vaa, simama, kunja magoti, kisha jaribu kuinua kisigino cha mbele. Kikipanda zaidi ya nusu sentimita, kiatu ni kikubwa. Utakuwa unageuza mguu ndani ya kiatu, na ubao unachelewa kupata habari. Vidole viguse mbele bila kujikunja. Na mjaribu kukiwa na maji, mguu mkavu ndani ya raba unadanganya. Kuingia, tumieni sabuni ya maji au mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa maji. Msipake grisi wala mafuta yoyote ya petroli; raba inalainika, inavimba, mwisho inachanika pembeni ya kisigino, palepale unapoihitaji.

#11 Kisigino

Nimekuelewa kabisa. Sasa nimepata ubao uliotumika, mpana, inchi 67, una mkanda nyuma. Niukague vipi? Na nikishauchukua, viatu naviweka wapi?

#12 KambaFupi

Fungua viatu vyote kwanza, muuzaji akikataa, ondoka. Chini ya sahani ndiko ubao unakoficha maradhi. Tazama matundu ya skrubu: yale ya chuma yaliyozamishwa ndani ya ubao yasicheze, yasiwe na kutu inayovuja, na kusiwe na nyufa nyembamba kama nywele zinazotawanyika kutoka kwenye tundu. Kisha bonyeza kwa kidole gumba eneo la chini ya mguu wa mbele, juu na chini ya ubao. Panapobonyea au kutoa mlio wa karatasi, povu la ndani limeachana na ngozi ya nje. Mikwaruzo ya kawaida achana nayo. Ukingo uliovunjika karibu na mguu wa mbele, hapana.

Kuhusu kuviweka: kila mtengenezaji anatoa nambari ya umbali kutoka mwisho wa mkia hadi nyuma ya kisigino cha kiatu cha mbele. Kwa ubao wa inchi 66 au 67 nambari hiyo mara nyingi huwa kati ya inchi 29 na 30. Weka ubao juu ya taulo, chukua futi ya kamba, ilaze sambamba na mstari wa katikati wa ubao, usiifuatishe mpindo. Pima mara mbili. Halafu andika kwa kalamu ya wino usiofutika pembeni ya sahani. Mkanda wa nyuma uwe karibu, vidole vya nyuma viguse nyuma ya kiatu cha mbele. Pengo kati ya miguu linakuvuta mkiani.

Ukisogeza kiatu mbele tundu moja, ncha inaingia zaidi majini, kona inakuwa kali zaidi. Ukizidisha, ncha inauma maji ghafla na kukurusha mbele. Ukirudisha nyuma, ncha inapanda, kona inakuwa ndefu na ya uvivu. Sogeza tundu moja tu, uteleze angalau mara mbili, ndipo uamue. Usiguse kitu kingine siku hiyo.

Skrubu nazo zina mambo yake. Tumia zilezile za ubao huo. Skrubu ndefu kuliko inavyotakiwa inatoboa tumbo la ski kutoka ndani, nimeona kwa macho yangu uvimbe mdogo kama chunusi chini ya ubao mpya. Zianze zote kwa vidole, kisha kaza kwa bisibisi ya mkono kwa kupishana pembe, mpaka zikatae, usizilazimishe. Zikague kila siku kabla ya kuingia majini.

Mwisho, pezi. Limeshikwa na skrubu ndogo ndani ya kisanduku chake karibu na mkia, na lina vipimo vitatu: urefu, kina, na umbali wake kutoka mkiani. Kwa ubao wa mashindano vinacheza karibu na inchi 6.9, 2.5 na 0.75, na watu wanavipima kwa kalipa (kifaa cha kupimia vitu vidogo) hadi sehemu za elfu za inchi, kwa sababu sehemu tano au kumi tu za elfu zinasikika mguuni. Baadhi ya mapezi yana bawa dogo, mara nyingi limeinamishwa nyuzi 7 hadi 9, linakupunguzia mwendo kabla ya kona. Wewe kwa sasa liache pezi kama lilivyo. Fanya kitu kimoja tu: chora mstari mwembamba wa kalamu pale pezi linapoingia kwenye ubao. Ukisogea, utajua.

#13 Mama_Mawimbi

Nimerudi kusema nimefanya lile jaribio la kuinua ski siku mbili. Ni mguu wa kushoto! Siku zote nilikuwa nalazimisha wa kulia. Jana nimesimama kwenye ubao mmoja kwa mara ya kwanza, mguu wa kulia nikauacha unaburuta kama alivyosema kaka, nikauingiza kwenye mkanda nilipotulia. Mikono inatetemeka bado hadi naandika hapa.

#14 Nahodha_Pole

Hongera sana dada! Umwambie na dereva wako asante, amekuvuta vizuri.

#15 Kisigino

Wakuu naombeni msaada. Ubao nimeuchukua, viatu nimeweka kwenye nambari ya mtengenezaji, mstari wa pezi nimechora. Wiki mbili za kwanza ulikuwa mtamu. Sasa umebadilika. Naingia kwenye kona vizuri, lakini kona inapoisha mkia unakimbia, unateleza kwenda nje, nalala chini kwa mgongo. Ni upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Nimesogeza kiatu nyuma tundu moja, hakuna kilichobadilika. Kasi ni 48 ileile.

#16 Mpini_Mkononi

Unaegemea nyuma, mkuu. Ukifika mwisho wa kona unakaa kitako. Kunja vifundo vya miguu, peleka nyonga juu ya mguu wa mbele.

#17 KambaFupi

Hilo la kukaa kitako linawezekana, lakini anasema wiki mbili za kwanza ulikuwa mzuri, na mtu habadiliki hivyo ghafla. Kisigino, kwanza rudisha kiatu mahali pake. Kisha niambie: mstari wa kalamu uko wapi sasa?

#18 Kisigino

Nimetoka kuutazama. Siuoni. Nimefikiri umefutika, nikasugua kwa kitambaa, bado hakuna kitu.

#19 KambaFupi

Wino ule haufutiki kwa maji. Mulika tochi kwenye ule mwanya wa kisanduku, tazama ndani. Halafu niambie unapovaa ski unavalia wapi.

#20 Kisigino

Uko ndani! Umemezwa, kama milimita moja hivi chini ya ukingo. Na navaa nikiwa nimesimama gatini, kwenye saruji, nashikilia nguzo, nakanyaga ubao kwa uzito wote mguu uingie.

#21 KambaFupi

Basi tumeupata. Ubao ukiwa umelala kwenye saruji unasimama juu ya pezi. Unapokanyaga, uzito wako wote unalisukuma pezi lirudi ndani, na skrubu zake zilikuwa hazijakazwa vya kutosha. Milimita moja ni kama elfu arobaini za inchi. Nimesema elfu tano zinasikika. Pezi likipungua kina, mkia unakosa cha kushika, unateleza nje kona inapoisha, hasa upande ule ambao tayari unauonea taabu.

Geuza ubao tumbo juu. Legeza zile skrubu ndogo za kubana kwa ufunguo wa L, usizitoe. Vuta pezi taratibu pande zote mbili, mbele na nyuma, mpaka mstari urudi sawa na ukingo kwa urefu wake wote. Ukirudi mbele tu na nyuma bado, utakuwa umebadili na vipimo vingine. Kaza kidogokidogo kwa kupishana. Ukimpata mwenye kalipa, hakikisha dhidi ya nambari za mtengenezaji. Na kuanzia leo vaa ukiwa umekaa ukingoni mwa jukwaa la nyuma la boti, injini ikiwa imezimwa, mkia ukining'inia juu ya maji.

#22 Kisigino

Nimerudisha mstari, nimepima na kalipa ya jirani, kina kimerudi kwenye nambari ya kiwandani, tofauti ni elfu mbili tu. Skrubu mbili kati ya zile za kubana zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Leo asubuhi maji yalikuwa kioo. Nimevaa nimekaa. Kona ya kwanza upande mbaya nilijikaza nikisubiri mkia ukimbie, haukukimbia. Ulishika, ukaninyanyua, nikavuka mkondo wa boti nikiwa bado nimesimama. Nimefanya kona kumi na moja. Nimetoka majini, kitu cha kwanza nimeugeuza ubao kutazama mstari. Upo palepale.